Bi Spika na Daftari la Madeni

Mwenye nyumba mwenzangu, kama kwako simu ikilia alfajiri watu wanatazamana kwanza kabla ya yeyote kuishika, vuta kiti tukae. Huna haja ya kunieleza. Hapa kwangu Mbagala ilifika mahali hata mwanangu wa darasa la nne, huyu tunayemwita Wakili kwa ubishi wake, akawa anauliza, "Baba, hiyo ni namba tunayoijua?" Mtoto wa umri ule ana mambo yake ya kufikiria, si hayo.

Madeni yetu yalianza na kuku. Mke wangu, Mama Rehema, ambaye ndugu zake wanamwita Waziri kwa jinsi anavyopanga matumizi, alikopa milioni moja na laki mbili kwenye kikoba chao akajenga banda, akaingiza vifaranga wa kienyeji. Lilikuwa wazo zuri na mpaka leo nalitetea. Walipoanza kunenepa kikaja kideri. Kama hujakiona, omba usikione: kuku anapinda shingo, anaharisha kijani, jioni unamzika. Chanjo yake ni tone moja tu la jicho, bei yake ndogo, ila inataka kutangulia ugonjwa, na wiki ile maduka yote ya pembejeo ya huku kwetu yalikuwa yameishiwa.

Kikoba hakina msiba wa kuku. Jumatano ni marejesho, elfu sitini mkononi. Nimewahi kumsindikiza nikakaa pembeni, nikaona. Kina mama wako kwenye mkeka barazani kwa mwenyekiti, mweka hazina ana daftari kubwa lililopigiwa mistari kwa rula, na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake. Mmoja akipelea, kikao hakifungwi. Mboga zinachacha, watoto wanarudi shule wanakuta mlango umefungwa, na hakuna anayesema neno baya. Wanasubiri tu. Mke wangu anasema angeona nafuu wangemtukana.

Ndiyo maana akaenda kwa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani. Laki tatu, kurejesha elfu kumi na tatu na mia tano kila siku kwa siku thelathini. Na mkopo huo ulipokaba, akaingia kwenye programu moja ya simu: aliomba elfu themanini, zikaingia hamsini na sita, na baada ya wiki anadaiwa themanini kamili. Mkopo unalipa mkopo. Mimi huku slipu yangu ya ualimu ina Bodi ya Mikopo asilimia 15, ina SACCOS niliyokopa binti yetu Rehema alipopangiwa kidato cha tano Songea. Unaijua ile karatasi ya mahitaji ya bweni: tranka, godoro, jembe, fagio, rimu ya karatasi, ndoo mbili. Nauli bado.

Nisimsahau shemeji yangu, tunayemwita Kesho. Anampenda dada yake kwelikweli. Alichukua laki na nusu kati ya zile hela za kuku, atarudisha kesho. Ni kijana mwenye tabasamu ambalo linakufanya ujisikie vibaya kumdai.

Mambo yalipasuka siku wale wa programu walipotuma ujumbe kwa kila jina lililokuwa kwenye simu ya mke wangu. Mkuu wa shule yangu aliupata. Muuza dagaa aliupata. Mama mkwe wangu kule Muheza aliupata, akasomewa na mjukuu: mwanao ni mdaiwa sugu, mwambie alipe. Sisi kwenye ukoo tunamwita Bi Spika, kwa sababu hakuna kikao kinachofunguliwa wala kufungwa bila yeye. Hakupiga simu. Alipanda basi na gunia la machungwa, magharibi akawa amesimama mlangoni kwetu.

"Baba Rehema, hujambo?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Niitie watu."

Watu wakaitwa. Akaja Shangazi Risiti, dada yangu mkubwa, anayetunza risiti za luku tangu mita ilipofungwa, pamoja na mwanawe aliyesomea ushirika. Kesho naye akaja, akakaa karibu na mlango. Bi Spika akataka daftari jipya, akamkabidhi Wakili kalamu kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, akamwambia binti yake ataje deni mojamoja, la nani, kiasi gani, limelipwa kiasi gani. Mke wangu alianza kwa sauti ndogo. Alipofika la tatu alikuwa analia, na mama yake akawa anamenya chungwa tu na kumsubiri amalize. Lilikuwepo na la muuza dagaa. Kabla ya zile meseji mimi nililijua lile la kikoba peke yake. Mengine aliyabeba mwenyewe miezi yote ile ili nisikose usingizi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hesabu yenyewe.

Kisha kila mtu akaleta dawa yake. Kesho akasema tuuze kiwanja cha Vikindu. Bi Spika akamwangalia, hoja ikafa. Mimi nilileta habari ya benki kununua mkopo wa SACCOS na kuniongezea juu yake, kama wanavyofanya walimu wengi. Mama Rehema akauliza, miaka mingapi? Sita. Na mkononi kila mwezi nitabaki na theluthi ya mshahara, maana chini ya hapo hawaruhusiwi kukata. Akasema hapana, na alikuwa na haki. Nimeona wenzangu ofisini wanaostaafu na mkopo wa jiko. Kuweka nyumba rehani hakukujadiliwa hata kidogo. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mke, na mke alishatoka kwenda kugeuza wali. Shangazi akakumbuka ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawiwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mwanawe akamweleza kwamba ile ni ya vikundi na shughuli zao, haitolewi kulipia deni la mtu.

Kijana huyo ndiye aliyetufumbua macho. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha kwa riba kama yule lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Wakili akapiga hesabu kwenye daftari: laki tatu kwa mwezi, riba 10,500. Yule jamaa alikuwa anachukua zaidi ya hiyo kila siku. Na ile programu ya simu tuliikuta kwenye orodha ya programu na majukwaa 69 ambayo Benki Kuu iliyatangaza Novemba 2024 kuwa hayana leseni.

Kausha damu alipokuja na vijana wake na bodaboda, Bi Spika alikuwa amekaa katikati ya kochi walilolifuata. Akawakaribisha machungwa. Akasema deni tutalipa, ila twende serikali ya mtaa tukaandikishane, na yeye aje na leseni yake. Leseni haikuonekana. Mke wangu alikuwa ameshalipa 216,000. Yule bwana alidai 189,000 na faini juu. Mbele ya mwenyekiti wa mtaa wakasimama kwenye 94,500, ikaandikwa, ikapigwa mhuri. Fedha alitoa Shangazi, na nikasaini risiti yake. Wale wa simu tuliwarudishia hamsini na sita zilizoingia, na malalamiko ya zile meseji tumeyapeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana majina ya watu kwenye simu si dhamana ya mkopo.

Kikoba ndicho kilichobaki, 840,000, na deni hilo Mama Rehema alikataa lisipunguzwe hata shilingi. Zile ni hela za wenzake. Alisimama mkekani, akaeleza habari ya kuku mwanzo mpaka mwisho, akaomba elfu thelathini kwa wiki badala ya sitini. Wakamkubalia. Mweka hazina akaomba naye asikilizwe, akataja kausha damu wake. Kisha mwingine. Kikao kilifungwa usiku.

Sasa wana hoja mpya ya katiba: mwanachama ambaye mradi wake umepigwa na ugonjwa au moto apewe miezi miwili bila faini. Nusu wanaitaka, nusu wanaogopa watu watajifichia humo, na hata hapa nyumbani tumegawanyika. Kura ni Jumatano ijayo. Bi Spika si mwanachama, lakini kanga ameshazipiga pasi, na Muheza harudi mpaka asikie matokeo. Kesho ameambiwa alete ile laki na nusu kabla ya hapo. Ameleta elfu ishirini, Wakili amemwandikia.