Mwacheni Juma na Urefu Wake

Kila aliyepita darasa la Kiingereza Afrika Mashariki anamfahamu Juma. Juma ni mrefu kuliko Asha, Asha ni mrefu kuliko Ali, na Juma ndiye mrefu kuliko wote. Pembeni yake husimama tembo, ambaye kila muhula huthibitishwa upya kuwa mkubwa kuliko sisimizi. Sentensi ni sahihi, sarufi haina kasoro, na mwanafunzi hupata alama zake. Lakini ni nani amewahi kusimamishwa njiani akaulizwa kama tembo anamzidi sisimizi?

Mwongozo huu unamwomba Juma akae chini apumzike. Amesimama muda mrefu. Mahali pake tuweke kitu ambacho wewe unakilinganisha kutwa nzima bila kufundishwa na mtu: simu. Bando lipi linadumu, betri ya nani inawahi kufa, programu ipi inakula MB, kamera ya nani inamfanya mtu apendeze kuliko alivyo. Mtu anayebishana kuhusu mambo hayo kijiweni tangu asubuhi ana kila kitu anachohitaji ili ajue kulinganisha kwa Kiingereza. Hoja anazo, mifano anayo, na hamu ya kushinda anayo. Amekosa mikia tu.

Ndiyo, mikia. Kivumishi cha Kiswahili hubadilika kichwani: simu ndogo, kioo kidogo, mtoto mdogo, maduka madogo. Kivumishi cha Kiingereza hakijali ngeli wala wingi. "Small" ni "small" kwa simu moja na kwa simu mia. Kinabadilika mkiani, na hubadilika pale tu kinapopimana na kingine: "small", "smaller", "smallest". Sisi kazi hiyo tumemwachia "kuliko", au tunasema kitu kimoja kinakizidi au kinakishinda kingine, na kivumishi chenyewe hatukigusi. Ndiyo maana Mswahili anayeanza husema "This phone is cheap than that one". Hajakosa akili. Amefuata utaratibu wa kwao, ambao kwao ni sahihi kabisa. Dawa ni kukumbuka kwamba "than" ya Kiingereza haifanyi kazi peke yake. Inataka kivumishi kiwe kimeshaota mkia: "cheaper than". Na anayeweza kupatanisha vivumishi na ngeli zote za Kiswahili bila kufikiri hana sababu ya kuogopa mikia miwili.

Sasa tuingie kazini. Fungua mipangilio ya simu yako, nenda kwenye lugha, uchague Kiingereza kwa programu moja tu. Usibadilishe simu nzima siku ya kwanza, utapotea humo ndani na kumsumbua fundi. Tangu Android 13 ilipotoka mwaka 2022, simu zenye mfumo huo au wa baadaye zinaruhusu programu nyingi zipewe kila moja lugha yake, kwa hiyo video zako zinaweza kuzungumza Kiingereza wakati ujumbe wako unabaki Kiswahili. Ila menyu ya kutuma pesa iache katika lugha unayoielewa ukiwa usingizini. Pesa ikishakwenda kwa namba isiyo yake haisubiri sarufi.

Anza na YouTube. Ukigusa sehemu ya ubora wa video utakuta "Higher picture quality", na chini yake onyo kwamba "Uses more data". Jirani yake kuna "Data saver", ambayo inakupa "Lower picture quality". Tazama hazina iliyomo katika maneno hayo machache. "High" imekuwa "higher", "low" imekuwa "lower", na "much" imekuwa "more". Na maana yake unaijua mfukoni kabla hujaijua kichwani: picha ikipanda, bando linashuka. Nenda WhatsApp, kwenye sehemu ya hifadhi na data, utakuta "Use less data for calls". Hapo "little" imekuwa "less". Shuka kwenye maoni ya Facebook, utapewa uchague "Most relevant" au "Newest". Hapo pana sheria nzima ya Kiingereza imesimama kwenye vitufe viwili: neno fupi kama "new" linaota mkia, neno refu kama "relevant" halioti, linatanguliziwa "more" au "most".

Urefu unapimwa kwa silabi. Silabi moja, mkia: "fast", "faster", "fastest". Silabi tatu na kuendelea, tanguliza: "expensive", "more expensive", "most expensive". Zile za silabi mbili ndizo zenye ukaidi. Zikiishia na "y", hiyo "y" hugeuka "i" na mkia unafuata, kwa hiyo programu rahisi kutumia ni "easy", nyingine ni "easier", na ile nzito inayoifanya simu igande ni "heavier". Nyingi kati ya zilizobaki, kama "useful" na "recent", hufuata njia ya maneno marefu. Maneno mafupi yanayoishia na konsonanti moja (isiyo "w") iliyotanguliwa na irabu moja hurudufisha hiyo konsonanti: "big" inakuwa "bigger", "slim" inakuwa "slimmer", na simu iliyosahauliwa juani inakuwa "hotter". Kisha kuna wakorofi ambao hawafuati mtu: "good, better, best" na "bad, worse, worst". Hao wanashikwa kwa moyo, na ni wachache.

Hapa tufike kwenye "more better". Ni kosa linalochekwa sana, na wanaolicheka hawajui historia yake. Shakespeare mwenyewe, katika "Julius Caesar", anamfanya Antony abandike "most" mbele ya neno ambalo tayari limeshabeba "-est". Ni tamthilia ile ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1963. Enzi za Shakespeare kulinganisha mara mbili kulikuwa njia ya kukazia jambo, wala mtu hakutolewa darasani kwa ajili yake. Mlango ulifungwa baadaye. Mwaka 1762 kasisi Robert Lowth, ambaye kisha alikuja kuwa Askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi kilichosomwa sana, na humo akasema waziwazi kwamba kurudufisha ulinganisho hakufai. Kwa hiyo leo andika "better" peke yake, hasa kwenye mtihani na kwenye barua ya kuomba kazi. Lakini akitokea wa kumcheka mwenzake kwa "more better", mwambieni amtafute Shakespeare kwanza amalizane naye.

Neno linalostahili tulikalie kidogo ni "latest". Kila programu inakusihi upakue "the latest version", na mtu aliyejifunza kwamba "late" ni kuchelewa anaweza kudhani anapewa toleo lililochelewa kuliko yote. Kinyume chake: "latest" ni toleo jipya kabisa, la karibuni kupita yote. Jirani yake wa hatari ni "last". "The last version" mara nyingi huwa ni toleo la mwisho, ambalo baada yake halitatoka jingine, au lile lililotangulia hili la sasa. Ukimwandikia mtengenezaji wa programu kwamba "the last version" inagoma kufunguka, anaweza kukaa anatafuta kosa kwenye toleo ambalo wewe huna. Mwandikie "the latest version". Tofauti ya herufi mbili inaamua kama tatizo lako litatatuliwa wiki hii.

Hapa ndipo msamiati wa simu na ulinganisho vinaposhikana mikono. "Install", "update", "tap", "scroll", "sign in": haya ukiyakariri kwenye orodha yatakaa kichwani hadi jioni. Yatie kwenye malalamiko, yatakaa. "The app is slower after the update." "It takes longer to install." "The old menu was easier to find." Mtu akiwa na lalamiko la kweli, maneno yanamganda. Kwa hiyo nakushauri uandike maoni chini ya programu unazotumia, kwa Kiingereza chako ulichonacho, sentensi mbili tu, kila moja ikiwa na kitu kinacholinganishwa na kingine. Wanaotengeneza programu husoma maoni hayo, na "It was faster before" inawasaidia kuliko nyota moja isiyo na maelezo.

Jambo moja simu itakufundisha vibaya, nalo ni "the". Vitufe havina nafasi, kwa hiyo huandika "Newest", "Lowest price", "Best match", kavu hivyo. Ukiyatoa maneno hayo kwenye kioo na kuyaweka kwenye sentensi, lirudishie kila moja "the" yake: "This is the lowest price." Na Kiswahili nacho kina mtego wake hapa. Sisi husema "rahisi kuliko zote", basi wengi huandika "the cheapest than all". Kwenye hali hii ya kuzidi vyote "than" haina kazi. Chukua "of" kwa kundi na "in" kwa mahali: "the cheapest of the three", "the cheapest in Kariakoo".

Tukiwa tumeitaja Kariakoo ya Dar es Salaam, ndiyo chumba cha mazoezi kilicho bora kuliko vyote. Nenda Mtaa wa Aggrey, kwenye maduka ya simu, umwombe muuzaji akuwekee simu tatu mezani. Sema kwa Kiswahili kwa heshima ya muuzaji, kisha rudia kimoyomoyo kwa Kiingereza. Hii ina hifadhi ya GB 128 na ile GB 64: "This one has more storage", tena "twice as much". Hii ina betri ya mAh 5000 na ile 4000: "This battery is bigger". Hizi mbili bei ni moja: "This one is as expensive as that one", na hapo hakuna mkia wala "more", kwa sababu hakuna aliyeshinda. Ile ya pembeni ina kava zuri na haina kingine: "the prettiest of the three". Usiondoke bila kununua hata protekta. Muuzaji naye ana watoto.

Ukishazoea hayo, utaanza kuona kitu ambacho matangazo hayapendi ukione. Matangazo ya simu na ya vifurushi hutangaza "faster", "stronger", "better", kisha yananyamaza. Haraka kuliko nini? Kuliko simu yao ya mwaka jana? Kuliko kampuni jirani? Kuliko konokono? "Than" imeachwa nyumbani kwa makusudi, kwa maana ikija itabidi ije na kitu kinachoweza kupimwa. Hata matangazo ya Kiswahili hufanya hivyo hivyo, yanaposema "kasi zaidi" na kuishia hapo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kila ulinganisho una pande mbili ana haki ya kuuliza upande wa pili uko wapi. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kujifunza somo hili vizuri, inaipita hata mitihani: sarufi inakulindia pesa yako. Na "the best" ikiandikwa na mwenye duka, ihesabu kama salamu.

Neno la mwisho ni kwa walimu. Nchini Tanzania mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza katika karibu kila somo, na shule nyingi hazimruhusu kuwa na simu. Hilo lisikuzuie, mwalimu. Chora kioo cha simu ubaoni kwa chaki, weka vitufe vyake, andika "Newest", "Lowest price", "Uses more data", na uwaache wanafunzi wabishane kuhusu mabando ya nyumbani kwao hadi kengele ilie. Anayebisha msahihishie mkia wa neno, hoja yake mwachie. Na mkimaliza, tafadhali msifute ubao. Darasa linalofuata nalo lina maoni yake kuhusu betri.