Mlango Unaouma Wenye Adabu

Mjombangu alipostaafu udereva wa matatu, hakukubali kuachana na gari. Injini ilikwisha kufa, lakini bodi la Nissan, na ule mstari wa njano ulioanza kulazimishwa na serikali mwaka 2004, lilikuwa bado zima. Akalivuta hadi uani kwake Mikindani, akang'oa viti vyote isipokuwa cha dereva, akatia kitanda, feni, televisheni na birika la stima. Nyumbani, alisema, kuna joto na kuna mkaza mjomba, naye hawezi vyote viwili kwa umri wake.

Stima ilitoka kwenye soketi ya sebuleni, ikapita dirishani, ikapanda kamba ya kuanikia nguo, ikaingia garini kwa tundu lililotobolewa kando ya mlango. Aliyeifanya kazi hiyo kwa hakika ni fundi wa redio. Waya ulikuwa na nyuzi tatu ndani yake. Ule wa kijani na njano, wa ardhi, aliukata akautupa, kwa kuwa taa huwaka bila huo. Na kweli iliwaka.

Kiangazi chote hapakuwa na neno. Masika yalipoanza, mlango ukaanza kuuma.

Wa kwanza alikuwa mzee jirani, mtu aliyelelewa. Alipiga hodi, akavua champali, akakanyaga tope kwa miguu mitupu, akashika mlango. Kilichomtoka hakikuwa salamu. Jioni akaja mwenye duka kudai deni. Yeye hakuvua chochote. Alipanda na mabuti yake, akashika mlango ule ule, akaketi, akataka pesa zake. Mjomba akalitafakari jambo hilo, akatoa hukumu: jirani ana presha.

Nikamwambia, "Mjomba, huu mlango wauma."

"Mbona mimi hauniumi?"

Haukumuuma kwa sababu alishuka na kupanda na champali zake, na akiwa ndani, sakafu, kuta na paa vyote vilikuwa na volti zile zile 240. Kila alichogusa kilikuwa sawa na alipokanyaga. Bati la tundu lilikwisha kuukwaruza waya hadi shaba, na matairi ya mpira yakaizuia stima isishuke ardhini. Ikawa inangoja mwenye adabu.

Fundi wa pili, huyu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, aliligusa bodi kwa testa, kijitaa kikamulika. Hapo mjomba akaleta hoja yake kubwa: mbona breka ya nyumba haikukata?

"Mzee, ile inalinda waya usiungue," akasema fundi. "Wewe haikujui." Breka ilikuwa ya ampia 32. Moyo wa binadamu waweza kuvurugwa na miliampia 50, na kwa breka, miliampia hizo si kitu. Lau waya wa ardhi ungekuwepo, ukaungwa na bodi, stima ingeukimbilia kwa wingi na breka ingeshuka papo hapo, kabla jirani hajavua champali.

Akaweka waya mpya, akautia mpira pale tunduni, akaliunga bodi na ardhi, kisha akafunga RCD kwenye boksi la nyumba. Mjomba hakuielewa hadi alipoelezwa kwa lugha ya kazini: ni makanga anayehesabu abiria waliopanda na walioshuka, hesabu ikipungua kwa miliampia 30, anasimamisha gari kabla sekunde haijafika theluthi. "Makanga kama huyo sijapata kumwajiri," mjomba akasema. Wakati wa kulipa akakata shilingi mia mbili.

"Mzee, za nini?"

"Umeniondolea askari."

Tatizo likawa birika. Maji ya chumvi yalikuwa yameshalila ndani, likawa linavuja stima kidogo kidogo, na kila lilipochemka RCD ilikata nyumba nzima, aghalabu mkaza mjomba akiwa katikati ya tamthilia yake. Alivumilia siku chache. Kisha akatoka na mwavuli, akalichukua birika, akalitupa jalalani, akatangaza kuwa chai sasa ni ya jiko la gesi, nayo inanywewa mezani, ndani, na viatu vinabaki mlangoni.