Kutoka kwa Mnufaika Mkongwe wa Ruzizi III

Gihundwe, Wilaya ya Rusizi,
Jimbo la Magharibi, Rwanda.

Kwa Waheshimiwa Washirika wa Maendeleo, Wafadhili, Wanahisa, Washauri Waelekezi na Watia Sahihi wote wa Mradi wa Umeme wa Ruzizi III.

YAH: OMBI LA KUJENGEWA MAKUMBUSHO

Waheshimiwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima wa afya, mkiwa mkutanoni. Sisi huku hatujambo. Giza ni la kawaida.

Nianze na shukrani, maana nimelelewa. Ahsanteni sana kwa kunihesabu. Kila mnapotoa tangazo jipya, mwishoni huwa pana sentensi isemayo kwamba mamilioni ya watu wa Rwanda, Burundi na Kongo watanufaika. Katika hao mamilioni nami nimo. Nimenufaika redioni, nimenufaika magazetini, nimenufaika hata katika mkutano wa baada ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya kijamii, jembe begani na tope miguuni, tulipoombwa tupige makofi, nasi tukapiga. Sidhani kama katika Maziwa Makuu yote kuna watu walionufaika mara nyingi kama sisi wa bonde hili, tena huku wakiendelea kununua mishumaa.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma: milango, madirisha, vitanda vya mabweni. Umeme ukiondoka katikati ya kazi, mlango hubaki na bawaba moja, na mwenye mlango hubaki amesimama akinitazama kana kwamba Mto Ruzizi ni wangu. Ndipo redio ya jirani, inayotumia betri, inapotangaza kwamba mmekutana tena, safari hii katika jiji jingine, na kwamba mazungumzo yamepiga hatua. Mwenye mlango hunigeukia na kuniuliza hatua hiyo imepigwa kuelekea wapi. Mimi fundi, si msemaji wenu. Lakini namjibu kwa heshima kwamba wataalamu wanalishughulikia.

Sitaueleza mradi. Mnaujua ninyi, na sisi tunaujua mno. Wabelgiji walijenga Ruzizi I mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II iliwashwa mwaka 1989, chini ya SINELAC, kampuni ya nchi tatu. Ya kwanza ni ya takribani megawati 30, ya pili 44. Baada ya moja na mbili, mtoto yeyote wa darasa la kwanza hapa Gihundwe anaweza kuwaambia kinachofuata, na hatahitaji mshauri mwelekezi kutoka ng'ambo.

Basi ombi langu ni hili. Naomba mtujengee Makumbusho ya Ruzizi III. Sisemi kituo cha umeme, hilo najua lina taratibu zake. Makumbusho tu. Kiwanja nimekwisha kukiona: kipo mlimani, kinatazama Ziwa Kivu na taa za Bukavu, ng'ambo ya Kongo, na uwanja wa ndege wa Kamembe uko karibu, kwa hiyo mgeni rasmi anaweza kufika, kufungua na kuondoka kabla vumbi halijamjua.

Ukumbi wa kwanza uwe wa Upembuzi Yakinifu. Rafu zipande kutoka sakafuni hadi darini: tathmini ya mazingira, tathmini ya jamii, mapitio ya tathmini ya mazingira, taarifa mpya kuhusu mapitio, na muhtasari kwa watoa maamuzi, ambao ndio mnene kuliko yote. Vijana wa mtaani wataruhusiwa kuzinyanyua ripoti hizo kwa mazoezi, na hapo angalau zitakuwa zimejenga kitu.

Ukumbi wa pili, wa Megawati, ndio nitakaojivunia zaidi. Mradi ulipokuwa ukipigiwa hesabu mwaka 2015, ulikuwa wa megawati 147. Siku hizi mnautaja kuwa wa 206. Naomba namba hizo mbili zichongwe kwenye shaba, ya kwanza ikwanguliwe kidogo, na chini yake kuwe na maelezo: kwamba umeme ambao haupo umeongezeka kwa megawati 59 bila tone la maji kuguswa. Wanauchumi watasafiri kutoka mbali kuja kuutazama ukuaji wa namna hiyo. Pembeni kuwe na kijichumba cha gharama, ambazo mwaka huo wa 2015 zilikuwa zimekwisha kupita dola milioni 600. Kijichumba hicho kisiwekwe dari, maana sijui zitafika wapi.

Ukumbi wa tatu ni wa Wachumba, yaani wawekezaji. Mto wetu ni kama binti aliyechumbiwa angali jikoni, kisha posa yake ikawa inauzwa huko nje bila yeye kuambiwa. Kiti cha kwanza ni cha IPS, wa Mfuko wa Aga Khan, ambao haki yao wapewe, wamekaa hapo kwa subira tangu mwanzo. Kiti cha pili kiwe cha kuzunguka. Alikikalia Sithe Global wa Marekani, aliyekuwa chini ya Blackstone; akainuka. Akaja SN Power wa Norway. Mwaka 2021 SN Power akanunuliwa na Scatec, naye wa Norway. Mwaka 2024 Scatec akakubali kumuuzia TotalEnergies wa Ufaransa hisa zake za mabwawa ya Afrika, na sisi tukiwa humo ndani ya mkoba. Kila mchumba awekewe picha kubwa ukutani, anatabasamu. Picha ya mahari iachiwe fremu tupu.

Na sasa, Waheshimiwa, ukumbi mkuu: Ukumbi wa Sahihi. Hapa naomba msibane matumizi. Meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Bendera ndogo za nchi tatu. Maua ya plastiki, na chupa ndogo za maji ambazo hakuna anayezifungua. Ndani ya kioo, kalamu: ile ya Desemba 2015, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipoidhinisha dola milioni 138, ile ya Julai 2019 kule Kinshasa, serikali tatu zilipotia sahihi na wawekezaji, na kalamu nyingine zote zilizofuata, kila moja na kikadi chake. Mgeni ataketi mezani, atawekewa jalada la ngozi lenye karatasi nyeupe ndani, atatia sahihi, kisha atabadilishana jalada hilo na mgeni wa upande wa pili. Watashikana mikono. Wataigeukia kamera huku mikono ikiwa bado imeshikana, kwa muda ule ule mrefu mnaoujua ninyi. Nyuma yao kipaza sauti kitapiga makofi. Ya kwetu yamechakaa. Kiingilio kitakuwa faranga 500 kwa mwenyeji. Mtaalamu wa maendeleo ataingia bure, ila atadaiwa kutoa hotuba ya dakika mbili isiyo na maneno "hivi karibuni", na akishindwa atalipa faini.

Karibu na mlango wa kutokea kuwe na duka. Tutauza utepe wa uzinduzi kwa sentimita, kofia za ujenzi ambazo hazijawahi kuona jua, na sepetu zinazong'aa, za kuchota mchanga mara moja. Kibanda kidogo kiwekwe nje kwa ajili ya Gishoma, ule mtambo wetu wa megawati 15 hapa hapa Rusizi, uliojengwa ili uchome nyiramugengeri, udongo wa kinamasi, na ambao umempa Mkaguzi Mkuu wa Serikali mengi ya kuandika kuliko ulivyotupa sisi umeme wa kusomea aliyoyaandika.

Makumbusho, bila shaka, yatahitaji jenereta.

Msinielewe vibaya. Najua ujenzi wa bwawa kati ya nchi tatu si kazi ya kuchomelea mlango. Lakini msije mkaniambia kwamba haiwezekani. Kule Rusumo, kwenye Mto Akagera, zilikuwa nchi tatu pia: sisi, Burundi na Tanzania. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 mwaka 2013, na kufikia mwaka 2024 mitambo ya megawati 80 ilikuwa ikizunguka. Ilichelewa, ndiyo. Ilichelewa kama watu wanavyochelewa, halafu ikafika.

Mtasema vita. Vita ni kweli. Bukavu naiona kwa macho yangu kutoka hapa, na Februari 2025 vilipoingia mjini humo hatukungoja redio ituambie. Ila hayo ni majibu ya leo. Je, miaka ile mipaka ilipokuwa wazi na akina mama wakivuka asubuhi na nyanya na samaki wa sambaza, wakirudi jioni na vitenge, kilichowazuia kilikuwa nini? Mashine kuukuu za Ruzizi I na II zimevuka vita vyote tangu 1996 zikichechemea, bila hata moja kuitisha warsha. Mto wenyewe unaporomoka karibu mita 700 kutoka Kivu hadi Tanganyika, usiku na mchana, na hakuna aliyewahi kuulipa posho ya kujikimu.

Na kwa kuwa nimefika hapo, niseme. Fedha za mradi huu zinaombwa kwa jina letu. Umaskini wetu ndio umeandikwa ukurasa wa kwanza wa kila andiko. Giza letu ndilo dhamana mliyoiweka benki. Kutokana na dhamana hiyo wamelipwa wanasheria, wamelipwa washauri, zimelipwa hoteli zenye roshani za kutazama ziwa, wamekula watu wengi ambao sitawajua kamwe. Sikatai wao kula. Lakini mwenye giza hajapewa hata waya. Wapo jirani zangu waliokufa wakiwa wanufaika. Wamezikwa na takwimu zenu zimewaacha humo humo kwenye mamilioni, maana hakuna hata mmoja wenu atakayerudi kuwapunguza. Wapo watoto waliosikia habari za bwawa hili wakiwa mgongoni mwa mama zao, leo ni wababa, wanatazama simu ikizimika asilimia mbili zikibaki, na mnataka nao wapige makofi. Mnatuona sisi ni watu wa namna gani? Mtu mzima huahidiwa jambo mara ngapi kabla hajaacha kulijibu kwa tabasamu? Mnakuja na kamera kutupiga picha tukiwa tumeshika vibatari, mnaandika chini yake "matumaini". Yale si matumaini. Tulikuwa tunatafuta mlango.

Samahani, Waheshimiwa. Nimejisahau. Ni moshi wa kibatari.

Nina maombi mengine madogo, ambayo mkandarasi wa makumbusho anaweza kuyapitisha humo humo. Kwanza, tupewe kadi za mnufaika zinazokubalika kwenye kashipawa, mita zetu za umeme wa kulipia kabla, ili kila tangazo likitoka mita isome angalau uniti moja. Pili, picha ya pamoja ijayo ipigwe Gihundwe saa mbili usiku, bila taa ya kamera. Tatu, mkutano mmoja wa kushauriana na wananchi ufanyike kwenye karakana yangu siku umeme umekatika. Viti ninavyo, vingine vina miguu mitatu, sababu mnaijua. Nne, kama mchumba mwingine anakuja, tuambiwe mapema tumwandalie picha.

Kuhusu fedha za makumbusho, msiwe na wasiwasi. Umoja wa Ulaya, Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, KfW na AFD hawawezi kukosa fungu la utamaduni au utalii, na mradi kama huu hauna athari kwa samaki, hauhamishi kaya, haubishaniwi na nchi tatu. Unaweza kukamilika kwa miezi michache. Milango yake nitaichomelea mimi, kwa bei ya kindugu, umeme ukiruhusu.

Naelewa mna majukumu mengi na jibu linaweza kuchukua muda. Kwa hiyo nimeambatanisha fomu fupi ya kuthibitisha kwamba barua imewafikia. Haiwalazimishi kufanya lolote baadaye. Inahitaji sahihi tu, na nafasi ya kutosha imeachwa kwa kila mmoja wenu.

Wenu katika unufaika,

Fundi Mchomeleaji,
Gihundwe.

Kiambatisho: fomu ya kupokea barua, nakala tatu, moja kwa kila nchi, kalamu mtakuja nazo wenyewe.