Namna ya Kutunza Breki Bila Kuzigusa

Ubaya wa breki ni kwamba hazionekani. Ukifunga rimu mpya, mtaa mzima utakuwa umejua kabla ya magharibi. Ukifunga pedi mpya, hata nyumbani kwako hawatajua mpaka uwaambie, na ukiwatajia bei utaulizwa kwa nini hukununua godoro. Ndiyo maana mwenye gari mwenye busara hupanga matumizi yake hivi: rimu, redio ya skrini, vifuniko vya viti, manukato ya kuning'iniza kwenye kioo, halafu breki, kama pesa itabaki. Mwongozo huu ni wake. Gari la mfano ni Toyota ya kawaida, IST ya nyumbani au Hiace ya abiria, yenye diski mbele na dramu nyuma. Diski zimewekwa mbele kwa sababu gari likifunga breki uzito hulalia huko, na diski hupoa haraka kuliko dramu. Lakini hayo ni mambo ya wahandisi.

Anza kwa kusikiliza. Pedi nyingi zimewekewa kiulimi cha chuma pembeni. Laini ikiliwa mpaka karibu na mwisho, kiulimi hicho hugusa diski na kupiga mluzi kila gurudumu linapozunguka. Kiwanda kimeweka kelele hiyo makusudi, kwa hiyo jibu lake ni redio uliyonunua mwanzo. Pandisha sauti. Baada ya muda mluzi utageuka mkwaruzo, dalili kwamba laini imekwisha na sasa bati la pedi linasaga diski, chuma kwa chuma. Pedi mpya huwa na laini ya milimita 10 hivi, na mafundi makini hubadilisha ikibaki 3. Wewe una faida ya kuitumia yote uliyolipia, pamoja na diski ambayo hukupanga kuinunua.

Usihangaike na maandishi. Diski imechongwa unene wake wa mwisho, kwa kawaida baada ya herufi MIN TH, na ndani ya dramu kuna kipenyo ambacho haitakiwi kukizidi ikishakerezwa. Herufi zenyewe ni ndogo na zina kutu. Hivi kuna mtu alishawahi kukamatwa kwa kutosoma dramu?

Ukishindwa kabisa kuvumilia, nenda kwa fundi chini ya mwarobaini na umwombe "acheki breki". Neno kucheki ni muhimu, kwa sababu ukisema kukagua anaweza kufungua tairi. Fundi atachuchumaa, atawasha tochi ya simu, atachungulia kwenye matundu ya rimu na kusema: "Bosi, hizi bado zina maisha." Hasemi uongo. Pedi aliyoiona, ya nje, huenda kweli ina maisha. Ya ndani, inayosukumwa na pistoni, haionekani kwenye tundu la rimu, na pini za kalipa zikikauka grisi na kuganda, ndiyo inayoisha peke yake huku mwenzake akinenepa. Ili kuiona lazima tairi litoke, na tairi likitoka jambo hilo linakuwa ufundi, na ufundi una bei.

Tuseme basi limetoka. Gari limesimama kwenye jeki moja, na jiwe limewekwa nyuma ya gurudumu kwa heshima. Stendi za jeki zipo madukani, ila zinaonyesha kwamba humwamini Mungu.

Dramu ya nyuma itakataa kuchomoka. Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi: ukikaza boliti mbili za milimita 8 kwa zamu, dramu inajisukuma nje taratibu kama meno ya mtoto. Njia hiyo haina kelele, na mteja anaweza kudhani hakuna kazi iliyofanyika. Kwa hiyo nyundo. Igongwe mpaka ukingo umeguke kidogo, kisha fundi apulize vumbi kwa mdomo, akiwa ameinamia kabisa. Laini za zamani zilikuwa na asbesto, nyuzi zinazokaa mapafuni miaka mingi kabla ya kuleta ugonjwa, na Japani ilipiga marufuku laini za namna hiyo mwaka 2004. Boksi la spea lisilo na jina la kiwanda halijapata nafasi ya kusoma sheria hiyo. Kitambaa kibichi kingetosha kufuta vumbi, lakini nani ana kitambaa.

Ndani utakuta shuu mbili, springi za rangi mbalimbali, na kigurudumu chenye meno cha kurekebishia. Waoga hufungua upande mmoja tu, wanaacha wa pili uwe mfano wa kuigiza wakati wa kurudisha. Fungua pande zote mbili kwa pamoja, uchanganye springi kwenye kopo moja. Ikifika saa kumi na moja kila kitu kimerudi na springi moja imebaki kiganjani, fundi ataitazama kwa masikitiko na kusema: "Hii haina kazi." Itaingia kwenye kopo lenye nyingine za aina hiyo, zilizotoka kwenye magari ambayo sasa hivi yako barabarani.

Shuu zikiwa zimelowa mafuta, zimwagie petroli na uwashe. Moto ni mzuri kuutazama na hukusanya watoto. Yaliyo juu yataungua. Yaliyonywewa ndani ya laini yatatoka yenyewe siku breki zikipata moto, na gari litavuta upande ule mkavu, hivyo dereva ashike usukani kama mtu anayemzuia mbuzi. Mafuta yale, kwa taarifa tu, yalitoka mahali: raba za silinda ya gurudumu zimechoka, au sili ya ekseli inavujisha.

Hapo ndipo tunafika kwenye golori. Raba za silinda ni vitu vya bei ndogo, lakini lazima mtu aende akazinunue, na jua limeshazama. Fundi mzoefu hufungua nati ya bomba linalokwenda kwenye gurudumu linalovuja, anadondosha golori ndogo ya beringi, anakaza tena. Golori inaziba. Kuvuja kumekoma, pedali imekuwa ngumu na nzuri, mteja anacheka. Gurudumu moja limestaafu bila barua. Kwenye foleni ya Mwenge utakwenda miezi bila kugundua chochote, kwa sababu mwendo wa foleni hata kandambili ingeusimamisha. Utakumbushwa siku ya mvua, utakapokanyaga kwa nguvu na gari lichague mtaro lenyewe. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi safi kuliko zote katika gereji zetu: haionekani, haivuji, haipigi kelele, na haitajwi kwenye risiti, ambayo nayo haipo.

Yamebaki mafuta ya breki. DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani hata yakiwa yametulia kwenye kikopo chake. DOT 3 mpya inatakiwa istahimili angalau nyuzi 205 bila kuchemka, na ikishakunywa maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Ndiyo maana watu waangalifu huyabadilisha kila baada ya miaka 2 hivi. Yako yana rangi ya chai ya rangi na umeshayazoea. Yakipungua, ongeza mafuta ya injini, kwani nayo si mafuta? Raba zote za mfumo zitavimba, masta silinda itaanza kung'ang'ania, na utapata sababu ya kulaumu spea feki.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Fundi yuko chini ya gari ameshika spana ya nipo, na dogo yuko kwenye kiti cha dereva ameshika simu.

"Pampu!"

"Napampu."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Fundi analegeza, mapovu yanatoka, na kabla hajakaza dogo amepata ujumbe na kuachia mguu. Upepo umerudi ndani pamoja na riba. Rudieni hivyo hadi dumu la mafuta liishe. Msitumie mpira mwembamba unaozama kwenye chupa yenye mafuta, maana mtaona mapovu na itawabidi kuendelea. Wala msifuate utaratibu wa kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Anzeni na lililo kivulini. Pedali ikiendelea kuzama, mwambie mteja kwamba breki za gari hili ni za kupampu mara mbili, ndivyo zilivyotoka Japani.

Kuzijaribu, tafuta mteremko. Ukitoka Iringa, Kitonga inafaa: kona nyingi, malori mbele, bonde pembeni. Dereva wa kizamani angeshuka kwa gia ndogo ili injini isaidie kuzuia gari. Wewe weka nyutro uokoe mafuta, kisha ukanyage breki kuanzia juu hadi chini bila kuachia. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua na pedali ikakaribia sakafu, ujue maji yaliyomo kwenye mafuta yamegeuka mvuke, na mvuke hukubali kubonyezwa bila kusukuma chochote. Hapo ndipo utamwona utingo anaulizia lilipo jiwe.

Ukivuka salama, uza gari. Tangazo liwe fupi: "IST namba D, rangi ya fedha, rimu za spoti, AC inaganda, haidaiwi, ina stika ya ukaguzi, haina shida yoyote, ni kuweka mafuta na kuondoka." Mnunuzi aje saa kumi na mbili jioni, alijaribu kwenye foleni. Akikuambia anatafuta gari la kwenda na kurudi Iringa, kubali bei yake ya kwanza, na akulipe taslimu.