Bwawa Limegeuka Mlenda: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba Anayetarajia Wageni Jumamosi

Wageni wanakuja Jumamosi, nyama imeshaagizwa, na maji ya bwawa yamekuwa ya kijani. Subiri uone: ndani ya nusu saa nyumba nzima imejaa wataalamu. Shemeji anashauri blichi ya kufulia. Jirani anataka maji yote yamwagwe. Mlinzi anasema tia klorini ndoo nzima, maswali baadaye. Na mjomba, aliyewahi kufika kwa ajili ya mishikaki, anaapa kwamba kwao Tanga walitia mrututu na maji yakang'aa siku hiyo hiyo.

Wape wote soda baridi, waketi. Wewe usitie kitu.

Funga geti la bwawa na ufunguo ukae mfukoni mwako. Nenda upande wa kina kirefu utazame chini. Kama huoni vizuri kifuniko cha tundu la kutolea maji pale sakafuni, hakuna anayeogelea, hata awe bingwa wa mkoa. Mtoto akizama kwenye maji ya namna hiyo, watu wazima kumi wanaweza kusimama ukingoni na wasimwone. Wageni wakinuna, wanune. Nyama ipo.

Tabia ya kumwaga dawa kabla ya kujua ugonjwa haiko mitaani kwetu tu. Kwenye Olimpiki ya Rio, tarehe 9 Agosti 2016, bwawa la kupiga mbizi la Maria Lenk liligeuka kijani mbele ya kamera za dunia nzima, na bwawa la jirani likafuata. Baada ya siku kadhaa za maelezo yanayopishana, waandaaji walieleza kwamba tarehe 5 Agosti zilitiwa lita 80 za haidrojeni peroksaidi. Dawa hiyo inajulikana kwa kusafisha, lakini ikikutana na klorini huizima. Klorini ikafa, mwani ukastawi. Bwawa la pili ilibidi libadilishwe maji usiku, zaidi ya lita milioni 3. Huko kulikuwa na wahandisi na bajeti ya Olimpiki. Mjomba ana kopo la mrututu.

Kwa hiyo tuanze na ndoo. Tafuta ndoo nyeupe ya lita 20, safi, isiyo na mabaki ya sabuni. Usichote juu juu. Izamishe mkono mzima, ujaze, uitoe juani. Sasa tazama. Maji yana ukungu wa kijani, na ukipitisha kidole kwenye ukuta wa bwawa unateleza? Huo ni mwani. Maji ni angavu kabisa, unaona kitako cha ndoo, ila yana kivuli cha kijani? Hiyo ni shaba, na hapo ndipo umuulize mjomba kwa upole kama mrututu wake haukuanza bila ruhusa, maana mrututu ni chumvi ya shaba. Kama maji ni ya kisima, tia chembe chache za klorini ndani ya ndoo, ukoroge, uache kidogo. Yakigeuka kahawia mbele ya macho yako, una madini ya chuma. Yakielekea weusi, shuku manganizi. Klorini haikuleta uchafu huo. Imeyafichua madini yaliyokuwa yameyeyuka bila kuonekana. Maelfu ya lita za maji ya namna hiyo hupewa dozi kubwa kila msimu, kisha fundi anatukanwa bure.

Kwa shaba na chuma, kuongeza klorini ni kuongeza tatizo. Hapo inatakiwa dawa ya kushika madini, ile inayouzwa kwa ajili ya mabwawa, na pampu izunguke bila kupumzika huku ukisafisha chujio. Maji ya kisima ya kujazia yapitishe kwenye chujio lake kabla hayajafika bwawani. Doa la kahawia ukutani lijaribu kwa kidonge cha vitamini C: kisugue hapo dakika moja, na doa likififia ni chuma. Likigoma, lakini likafifia kwa klorini, lilikuwa la majani au mwani.

Mwani ndio kesi ya kila siku katika pwani yetu, na unastahili subira. Jua la Dar au Mombasa hula klorini isiyokingwa ndani ya saa chache. Unatia asubuhi, jioni umebaki na harufu ya ahadi. Kinga yake ni asidi ya sayanuriki, na miligramu 30 hadi 50 kwa lita zinatosha. Vidonge vingi vya klorini vina asidi hii ndani yake, nayo haivukizi wala haiishi. Ukitumia vidonge tu mwaka baada ya mwaka inalimbikizana mpaka klorini inazubaa: kipimo kinaonyesha ipo, mwani unaendelea na maisha yake. Ikifika hapo, dawa pekee ni kupunguza sehemu ya maji na kuongeza mapya.

Basi pima. Anza na pH, si klorini. Kwenye 7.5 karibu nusu ya klorini yako iko katika umbo linaloua. Kwenye 8 inabaki takriban robo. Ukitia klorini kwenye maji ya pH 8 unalipia kilo nne ili moja ifanye kazi. Shusha hadi kati ya 7.2 na 7.4 kwanza, kwa asidi iliyopimwa, kidogo kidogo, pampu ikizunguka.

Kisha fanya hesabu ya ukweli. Bwawa la mita 10 kwa 5, wastani wa kina mita 1.5, lina mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Kuongeza klorini miligramu 10 kwa lita kunahitaji gramu 750 za klorini halisi, na kama unga wako ni wa asilimia 65, hiyo ni kama kilo 1.15. Kwa maji yaliyokolea ukijani huenda ukarudia zaidi ya mara moja. Ndoo nzima ya mlinzi haikuwa na hesabu, hii inayo.

Tia jua likishazama. Kabla ya hapo piga brashi kuta zote, ngazi, pembe, nyuma ya taa, kila penye utelezi, kwa sababu mwani una ute unaoukinga na dawa na brashi ndiyo inayouvunja. Unga unaingia kwenye ndoo yenye maji; maji hayamwagwi juu ya unga, hata siku moja. Unga na vidonge havichanganywi, hata kwa kutumia kopo moja la kupimia, kwa sababu aina hizo mbili zikigusana zinaweza kuwaka na kulipuka. Klorini na asidi zikikutana hutoa gesi inayochoma mapafu. Zihifadhi mbali mbali, mahali pakavu, penye hewa, na mtoto asipafikie. Anayefanya kazi hii avae miwani na glavu, na kama ni kijana uliyemwajiri, vifaa hivyo vinunue wewe.

Pampu isizimwe usiku huo. Mwani uliokufa hubadilika kuwa vumbi la kijivu na kujaa kwenye chujio la mchanga. Shinikizo la kwenye geji likipanda kama pauni 8 hadi 10 juu ya kawaida, osha chujio kwa kurudisha maji nyuma. Wengi hukata tamaa hapa. Wanaona maji meupe yenye ukungu asubuhi wanadhani dawa imeshindwa, kumbe imeshinda na kinachoelea ni maiti. Ukungu usipoondoka baada ya siku mbili tatu, shabu itausaidia kuzama: koroga, zima pampu usiku kucha, asubuhi ufyonze tope lile moja kwa moja hadi nje, lisipite kwenye chujio.

Mgeni akisema maji yananuka klorini hivyo lazima iko nyingi, mwambie mara nyingi ni kinyume. Ile harufu kali inayowasha macho hutokana na klorini iliyokwisha kukamatana na jasho na mkojo. Kuoga kabla ya kuingia bwawani si ustaarabu wa mahotelini tu, na watoto wapelekwe chooni kila baada ya muda.

Sasa jirani na wazo lake la kumwaga maji yote. Masika, kwenye viwanja vya chini karibu na bahari, maji ya ardhini yanapanda, na bwawa tupu halina uzito wa kuyazuia. Linaweza kusukumwa juu na kupasuka, na hapo hutanunua klorini, utaita mjenzi. Lita 75,000 pia ni maboza kadhaa ya kulipia, wakati mtaa unapanga foleni ya madumu. Ila ukiliacha la kijani kwa kukata tamaa, umewafugia majirani mbu.

Utajua umemaliza kwa jaribio moja la usiku. Pima klorini giza likiingia, pima tena kabla ya jua kuchomoza. Ikipungua zaidi ya miligramu 1 kwa lita bila jua kuwepo, kuna kitu hai bado kinaila, rudia dozi. Isipopungua, acha ishuke yenyewe hadi kiwango ambacho lebo ya dawa yako inaruhusu watu kuogelea, na baada ya hapo isishuke chini ya miligramu 2 kama unatumia kinga ya jua. Kipimo cha matone kikae ndani ya nyumba, si kwenye kibanda cha pampu, kwa sababu joto huharibu matone yake, na chupa zikipita tarehe nunua nyingine.