Nani ni Bibi, Pima ni Pilipili

Jirani, sogea kidogo hapo kwenye benchi nikae. Usiniulize nimekuletea nini kutoka Morisi. Nimerudi na tumbo bovu na ripoti ambayo haijaandikwa. Zawadi kidogo niliyopata ameichukua mama watoto, na yenyewe ni majani ya chai. Akaniuliza, umepanda ndege kwenda kununua majani ya chai, kwani Mufindi imehama? Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Safari yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya bosi. Bosi akapata harusi ya shemeji yake, akaangaza macho ofisini, nani ana pasipoti hai? Mimi. Niliikata mwaka ule wa dili la China, lile nililotapeliwa. Basi nikapewa siku tano Morisi, semina ya watu wa stoo na ununuzi. Waandaaji siwataji, wana watoto.

Mama watoto akauliza, na lugha je? Maana ung'eng'e wako wote naujua mimi. Nikamwambia tulia. Agosti 2019, hapa hapa Dar, wakuu wa SADC walikaa wakakipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nne, juu ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Morisi wamo SADC. Kwa hiyo Morisi wanaongea Kiswahili. Hesabu ya darasa la pili hiyo. Akanifungia dagaa kwenye begi, akanyamaza. Akinyamaza yule ujue kuna kitu.

Nikatua. Afisa wa uhamiaji mzee wa watu, mvi, miwani. Nikamwamkia shikamoo, na mkono kifuani. Akaniangalia. Akaiangalia pasipoti. Akasema kitu kirefu, mwisho wake ukapanda juu, nikajua hilo ni swali. Nikajibu yes. Akasema kingine. Nikajibu yes. Nikapelekwa pembeni, begi likafunguliwa, dagaa wakatoka wakasalimia uwanja mzima. Sijui nilikubali nini. Dagaa sikuwaona tena.

Sasa tatizo langu pale kisiwani lilikuwa sura. Mzungu akiingia dukani wanajua pa kumshika. Mimi nikiingia naonekana mwenyeji. Kuna Wahindi pale, wengi tu, kuna Wachina, kuna Wazungu wachache wenye mashamba, na kuna watu wanaoitwa Wakrioli, weusi kama mimi, pua kama yangu. Basi kila mtu ananianza kwa Krioli, mbio mbio kama konda wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Natabasamu. Anarudia. Natabasamu. Anahamia Kifaransa. Natabasamu. Mwishoni anashuka kwenye Kiingereza, neno moja moja, kama anaongea na mgonjwa. Hapo nimeshasahau nilitaka kununua nini. Natoka na kiberiti. Viberiti vitano nilikuwa navyo kufikia Jumatano, na sivuti.

Jioni ya kwanza nikaenda kwenye kiduka jirani na hoteli. Kule wanakiita tabazi. Kama hiki chetu tu, sigara, peremende, kadi za simu. Mlangoni kijana akanipita akasema, "Salam!" Moyo ukafurahi. Nikamjibu aleikum salaam, nikamshika mkono, nikamuuliza habari za nyumbani. Kijana anavuta mkono, mimi nauvuta kwangu. Kumbe pale salam ndiyo kwaheri. Mtu anaondoka zake, tena basi linamsubiri, na mimi nimemng'ang'ania kama polisi jamii. Dukani wakacheka. Nikanunua kiberiti.

Semina sasa. Ukumbi mzuri, viyoyozi vinauma, kila mtu na vile vya kuweka masikioni vya wakalimani. Kuna kitufe cha chaneli. Moja Kiingereza, mbili Kifaransa, tatu Kireno. Nikapeleka nne. Lugha ya nne, si ndiyo yetu? Ikaja shshshshsh. Nikasema labda mkalimani anakunywa maji. Nikasubiri. Jirani, nilisikiliza shshshsh kuanzia saa tatu mpaka chai ya saa nne na nusu. Ningehamia Kiingereza ningekuwa nimeisaliti nchi. Wenzangu wakitikisa kichwa natikisa. Wakiandika naandika. Kwenye daftari nilikuwa nimechora kuku. Mara naona uso wa mwenyekiti umenielekea, na nyuso zote zimemfuata. Ameuliza Tanzania wanasemaje. Nikavua vifaa, nikasimama, nikasema, "We agree." Kumbe swali lilikuwa nani atagharamia chakula cha usiku wa kufunga. Bosi bado hajui.

Njaa ikanitoa mpaka mjini, Port Louis. Pale kuna mkate mwembamba unauzwa barabarani, dalpuri, kama chapati imejazwa dengu za kusaga, unapakwa mchuzi wa maharage unakunjwa. Ukiomba moja unapewa mbili, ndiyo kawaida yake, zinakwenda jozi. Anauza binti wa Kihindi, nyuma yake bibi kizee ameketi na ndoo. Nimefika tu, binti akageuka akaita, "Nani!"

Weee! Kiswahili! Nikajipiga kifua. "Mimi! Mteja! Natokea Dar!" Binti akarudi nyuma hatua moja. Akaita tena, na safari hii kwa wasiwasi, "Nani! Nani!" Nikajibu kwa sauti zaidi. Bibi akainuka na mwiko. Ndipo mzee mmoja kwenye foleni akanifafanulia kwa Kiingereza kwamba nani ni bibi mzaa mama. Neno la Bhojpuri, lugha waliyokuja nayo babu zao kutoka India kulima miwa, meli ya kwanza ya mkataba ilifika Novemba 1834. Binti alikuwa anamwita bibi yake. Na mimi nimejitangaza mbele ya umma kuwa ndiye.

Ingeishia hapo ningeshukuru. Binti, kwa huruma, akashika kijiko cha kopo jekundu akaniuliza, "Pima?" Nikaona huyu amestaarabika, anataka kunipimia, asinipunje. Nikasema pima! Akaweka kimoja. Pima mama, pima vizuri! Akaweka cha pili. Akanitazama. Foleni nzima ikanitazama. Pima! Cha tatu.

Pima ni pilipili.

Sitasimulia usiku ule.

Mtu aliyeniokoa ni mlinzi wa hoteli, wa zamu ya usiku. Alinikuta nje saa nane nimeshika ukuta. Nikamtazama nikapigwa na butwaa. Mjomba wangu! Mjomba wa Kilwa Kivinje, yule wa masikio makubwa, mpaka namna ya kusimama amejiegemeza upande mmoja. Shikamoo ikanitoka yenyewe. Akasema, "Ki?" Mjomba hajawahi kunijibu hivyo.

Akanipa kiti chake cha plastiki. Kiingereza chake kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Nikamwambia umefanana na mjomba wangu. Akasema wa kwao wa zamani walikuwa Mozambik. Nikasema Kilwa si Mozambik. Akasema kule Mozambik lilikuwa jina la kupachikwa tu, watu wote waliopakiwa pwani yetu hii, bandari yoyote, wakishuka pale wanaitwa hivyo.

Basi hapo nikakumbuka kitu ambacho mjomba mwenyewe hukirudia kila akishika kikombe cha kahawa, na sisi humwambia mjomba tumeshasikia. Kwamba mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alikuja akaandikiana na sultani wa Kilwa, auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Walipelekwa visiwa vya Wafaransa kule, Morisi wakati huo ikiitwa Isle de France. Mmakua, Myao, Mmalagasi, Mhindi, mtu wa Afrika Magharibi, wote shamba moja, na msimamizi anafoka Kifaransa. Huelewani na wa kulia, huelewani na wa kushoto. Utaongea nini? Ikatoka Krioli.

Nikanyamaza, na unajua mimi kunyamaza si kazi yangu. Siku tatu nanung'unika watu wananidhania mwenyeji. Sura yangu ilikuwa imetangulia kufika miaka zaidi ya mia mbili, mimi nimefuata nyuma na dagaa.

Mlinzi akaona nimepoa, akaamua kunifundisha. Mo pe manze, ninakula. Mo ti manze, nilikula. Mo finn manze, nimekula. Mo pou manze, nitakula. Nikamshika bega. Na, li, me, ta! Maneno karibu yote wameyatoa kwa Mfaransa, lakini kule kukaa kwake, kitenzi kimetulia na kadude ka mbele ndiko kanakohama, kama cha kwetu vile. Sisemi walikitoa kwetu. Mimi mtu wa stoo, nahesabu misumari. Halafu kingine. Mfaransa akitaka mkate anasema du pain. Wao wakaona yote ni neno moja, dipin. Maji, de l'eau, yakawa dilo. Mwezi ukawa lalinn. Wamemchukua Mfaransa pamoja na mlango wake. Nikacheka, tumbo likaniuma, nikakumbuka Mwarabu alituletea kitab, sisi tukadhani ile ki ni ya kwetu, tukaanza kusema vitabu. Nikaacha kucheka.

Usiku kucha tukakaa. Alikuwa na gazeti mapajani, la Kifaransa. Nikamuuliza, si mlitawaliwa na Mwingereza ninyi? Akasema ndiyo, alikinyakua kisiwa mwaka 1810, ila Wafaransa akawaachia lugha yao na sheria zao. Kama mtu anunue nyumba, amwache ndani mpangaji wa zamani na redio yake imefunguliwa. Wimbo wa taifa Kiingereza. Nembo ya taifa Kilatini, na Mlatini hata mmoja sikumwona. Katiba ya uhuru, 1968, iliandika lugha rasmi ya Bunge ni Kiingereza, ila mbunge anaweza kumhutubia Spika kwa Kifaransa. Na majumbani? Sensa ya 2011, zaidi ya asilimia 80 ya watu walisema nyumbani ni Krioli. Waliosema Kiingereza hawakufika asilimia 1. Hao wachache waliokisema sijui ndio nani. Nani wa kwetu, si bibi.

Mwanawe yuko shule ya msingi. Kitabu cha hesabu Kiingereza, mwalimu akiona macho yamegoma anafafanua kwa Krioli. Krioli yenyewe ilipata kuwa somo mwaka 2012, la hiari, unachagua hiyo au lugha ya mababu, Kihindi, Kiurdu, Kitamil, Kitelugu, Kimandarini, orodha ndefu. Nikamwambia mtoto huyo mpe pole. Akasema pole ya nini, anaongea zote. Nikaona ni vema nisimwambie mimi naongea ngapi.

Nikataka kumpa cha asante. Nikatoa noti ya rupia, akanionyesha maandishi yake: Kiingereza, Kitamil, Kihindi. Mwaka 1998 walitoa noti mpya, Kihindi kimekaa juu ya Kitamil. Watamil wakachachamaa, kwa nini mstari wetu umeshushwa, mpaka noti zikaondolewa. Krioli haikugombana na mtu, maana haikuwemo. Akaikunja noti akaitia mfukoni. Hakukataa, jirani. Mjomba naye hakatai.

Kabla sijalala akanipa sentensi moja ya kujikinga, Mo pa konpran. Sielewi. Nikairudia kitandani mpaka ikanyooka. Ikawa balaa jipya. Nilivyokuwa naitamka safi, na sura hii, hakuna aliyeniamini. Ijumaa kituoni konda akaniuliza kitu, nikamwambia mo pa konpran. Akanifokea kwa Krioli dakika nzima, anadhani nakwepa nauli. Abiria wote wakamsaidia, na kimama mmoja akanisonya, msonyo wa Kariakoo kabisa. Nikalipa mara mbili. Nikakaa dirishani nimefurahi kama mjinga. Siku tano watu wananiongelesha kwa adabu za wageni. Huyu ndiye wa kwanza kunitukana kama ndugu.

Haya, nimerudi. Jumatatu bosi ananiita. Ripoti ya safari, kurasa kumi, mezani kwake Ijumaa. Nikakaa nikaiandika usiku, Kiswahili kizuri, na kuku wangu nikamfuta. Akaisukuma pembeni bila kufungua. Ofisi yetu unaijua. Bosi Mzaramo, katibu muhtasi Mzaramo, mimi wa Kilwa, dereva wa Tanga, asubuhi mpaka jioni hakuna anayetoa neno la Kiingereza labda printa imegoma. Akasema ripoti hapa zinaandikwa kwa Kiingereza, kwani wewe hujui?

Leo Alhamisi. Yule binti yako aliyemaliza kidato cha sita bado yupo nyumbani? Mwambie apite kwangu baada ya magharibi, aje na kalamu. Soda nanunua mimi. Na ukitaka kiberiti, ninavyo sita.