Bado, Bibi

Oldonyo Sambu iko upande mkavu wa Mlima Meru, kwenye barabara ya Namanga, na kwa shangazi bomba liko huko chini getini. Kazi ya kuvizia maji ni ya mjukuu wake. Mimi, mtu wa kompyuta kutoka mjini, nikaona huruma. Nikaning'iniza kihisi kwenye koki, nikavuta waya hadi kwenye kikompyuta cha Linux: maji yakitoka, kengele ilie.

"Imebaki draiva tu, shangazi."

"Dereva wa nini, na gari huna?"

Draiva niliiandika mwenyewe, ndani ya kerneli. Kihisi kikilowa, alama inageuka kutoka 0 kuwa 1. Kitanzi changu kinaitazama mpaka igeuke. Mjini, nilipoijaribu kama programu ya kawaida bila uboreshaji, ilitii. Lakini kerneli ya Linux hukompailiwa na uboreshaji wake, na hapo kompaila huwa mjuaji. Ikaona ndani ya kitanzi hakuna anayeigusa alama, sasa ya nini kuitazama kila mara? Ikachungulia mara moja, ikakuta 0, ikazunguka na hiyo 0 yake.

Saa tisa alasiri jirani akapita na ndoo imejaa.

"Hilo dude lako linasemaje?" shangazi akauliza.

"Bado."

Akamgeukia mjukuu. "Na wewe?"

"Bado, bibi." Bombani alikwenda saa tatu asubuhi.

Nikaingia kwenye uganga. Nikiweka printk, amri ya kerneli ya kuandika ujumbe, ndani ya kitanzi, kengele inalia, nikiitoa, kimya. Kumbe kompaila ikiona imeitwa kazi ya nje, inahofu huenda alama imeguswa huko, basi inaisoma upya. Dawa yenyewe ni READ_ONCE, neno moja la kuilazimisha isome upya kila mara, nami nililipata usiku wa manane. Nilijifariji kwamba 2009 wakubwa walipatwa na makubwa zaidi: draiva ya tun ya Linux ilitumia kielekezi kwanza, ndipo ikauliza kama ni tupu. Kompaila ya GCC ikalifuta swali, maana aliyekwisha kunywa uji haulizi kama upo. Wadukuzi wakapata mlango.

Asubuhi shangazi naye alikuwa na dawa yake: kila safari, mjukuu arudi na jani la mti ulio pale bombani. Akaleta la kwanza, la pili, la tatu, yote mabichi. Kwenye la nne shangazi akamkagua mfuko wa kaptula. Ulikuwa umejaa majani.